Kizibo Chekundu ni Shilingi Mia: Kona za Kujifunzia Zinavyofanya Kazi

Ugomvi ulianzia dukani. Duka lenyewe ni boksi la sabuni lililofunikwa kipande cha kanga, limewekwa pembeni mwa darasa la kwanza. Juu yake kuna paketi tupu ya chumvi, makopo mawili ya maziwa ya unga, na mafungu ya kokwa za ubuyu yanayouzwa kama nyanya. Fedha yake ni vizibo vya soda: chekundu shilingi 100, cha kijani shilingi 50. Mnunuzi, msichana wa miaka sita, alitaka fungu la nyanya la shilingi 100, akatoa vizibo viwili vya kijani. Muuzaji akakataa katakata.

"Mwalimu, hataki kuniuzia!"

"Nimemwambia bei yake moja nyekundu. Yeye ananipa mbili. Mbili si moja!"

Nilichuchumaa. Nikauliza ya kijani ni shilingi ngapi. Hamsini. Na nyekundu? Mia. "Haya, mama akikutuma chumvi dukani kwa Mangi, akakupa hamsini mbili, Mangi atakurudisha nyumbani?"

Muuzaji alitazama vizibo, akatazama nyanya zake. Akavichukua vile viwili vya kijani, akavilaza kando ya chekundu kimoja alichokuwa nacho, akakaa kimya kwa muda ambao mwalimu mwenye haraka angeshaujaza na maelezo. Kisha akalisukuma fungu mbele. "Lakini sina chenji," akasema kwa ukali. Hakuna aliyemwomba chenji.

Yote hayo yalichukua kama dakika tatu. Mzazi aliyechungulia dirishani angeona watoto wawili wanagombania vizibo na mwalimu anawaamua. Asingekosea. Lakini kilichopita hapo ni moja ya vizingiti vikubwa vya hisabati ya mwanzo: kwamba idadi ya vitu ni jambo moja na thamani yake ni jambo jingine. Mtoto asiyekivuka kizingiti hicho atakwama tena darasa la pili, atakapoambiwa kwamba ile 1 iliyo kwenye 12 si moja bali ni kumi. "Mbili si moja" ni jibu sahihi kabisa kwa anayehesabu vizibo. Kwa anayehesabu fedha, si sahihi. Yule mtoto alihama kutoka hesabu moja kwenda nyingine bila ubao kuguswa.

Boksi lile ndilo linaloitwa kona ya kujifunzia, na miaka hii kila mwalimu wa awali na madarasa ya chini anaambiwa awe nazo. Anaambiwa pia zina faida gani. Kisichoelezwa sana ni zinafanyaje kazi, na ndiyo maana nyingi hazifanyi.

Neno linatuponza

Tuanze na "mchezo", kwa sababu vita vingi vya kona hupiganwa juu ya neno hilo kabla hata boksi halijafika darasani. Kazi si mchezo, tunasema. Acha mchezo. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Mzazi aliyelelewa na maneno hayo akisikia mwanawe "anajifunza kwa michezo" anaelewa kwamba mwanawe hajifunzi, na pengine mwalimu hana andalio la somo.

Lakini Kiswahili hicho hicho kina mchezo mwingine. Akina mama wa mtaani wanaotoa fedha kila wiki na kupokezana kwa zamu, nao wanasema wanacheza mchezo. Jaribu kuchelewesha fedha ya mchezo uone kama kuna mzaha ndani yake. Umeitwa mchezo kwa sababu una kanuni, una zamu, una watu waliokubaliana, na una kijumbe anayekumbuka nani kapokea na nani bado. Mchezo wa darasani ninaouzungumzia hapa ni ndugu wa huo, na kazi ya mwalimu iko karibu sana na kazi ya kijumbe: hachezi kwa niaba ya mtu, ila asipokuwepo mambo huvunjika.

Kuna mambo matatu yanayochanganywa. La kwanza ni mchezo huru, ule wa mapumziko: kombolela, rede, kukimbizana. Watoto wanauhitaji kama wanavyohitaji uji, na heshima kubwa mwalimu anayoweza kuupa ni kukaa mbali. La pili ni mapambo: chati za manila ukutani, herufi za rangi zilizotundikwa kwa kamba kutoka darini, darasa linalong'aa siku wageni wanapokuja. La tatu ndiyo kona yenyewe. Hapo mwalimu amechagua vitu na amejua kwa nini kachagua hivyo na si vingine, kisha mtoto anaamua atakavyovitumia. Mpangilio wa mwalimu, uamuzi wa mtoto. Ukiondoa mpangilio umebaki na mapumziko ya ndani ya nyumba. Ukiondoa uamuzi wa mtoto umebaki na zoezi lililovalishwa nguo za sikukuu, kwa mfano vizibo 10 mezani na amri: hesabu moja mpaka kumi, ukimaliza anza tena.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, na watoto huligundua upesi kuliko sisi.

Lilikotoka

Wazo si geni, wala halikuja na mradi wa juzi. Friedrich Fröbel, Mjerumani, alifungua kituo chake Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Aliwapa watoto mipira ya sufu na vitofali vya mbao, akiamini kwamba mtoto hufikiri kwa mikono yake. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, katika mtaa maskini wa San Lorenzo, na zana zake za mbao ziko hata leo katika vyuo vya watawa hapa Tanzania. Ila Montessori hakuupenda sana mchezo wa kujifanya. Kwake, mtoto apewe kazi halisi: amwage maji, apange ngazi za mbao kutoka fupi hadi ndefu. Duka la vizibo asingelipenda. Tofauti hiyo si ndogo, nitaifikia.

Historia iliyo karibu nasi zaidi ni ya Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Waislamu wa pwani ya Kenya walihofia kwamba watoto wao wanafika shule ya msingi wakiwa nyuma ya wenzao, au hawafiki kabisa. Wakamwomba Aga Khan msaada. Kazi ikashikwa na mwalimu wa hapo hapo, Bi Swafiya Said, aliyezunguka mitaani na misikitini kuwashawishi wazee kwamba chini ya paa moja mtoto anaweza kusoma dini yake na kujiandaa na shule. Kituo cha kwanza kilianza mwaka 1986, na mpango ukaenea Zanzibar na Uganda.

Kilichomo ndani ya vituo hivyo ndicho kinachonivutia. Mbinu waliiazima kutoka Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ambako mwaka 1962 David Weikart na wenzake walianza kufundisha watoto wa familia maskini kwa utaratibu wa hatua tatu: mtoto anapanga atakachofanya, anakifanya, kisha anasimulia alichofanya. Watoto 123 waliingia katika utafiti ule, wengine wakafundishwa na wengine wakabaki kuwa wa kulinganishwa nao, na wakafuatiliwa mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40. Waliofundishwa walikuwa na kipato kizuri zaidi na matatizo machache zaidi na polisi. Usiyabebe matokeo hayo ukasema kona zimeyaleta. Walimu wale pia walikuwa wakiwatembelea watoto majumbani, na kila mwalimu alikuwa na watoto wachache mno. Lakini hatua zile tatu zilivuka bahari, zikafika pwani, zikakuta vifuu vya nazi, makombe ya baharini, mikeka na vitambaa, zikafanya kazi. Hakikuhitajika kitu cha plastiki kutoka nje.

Zanzibar nako, katika miaka ya 2000, vituo vya Tucheze Tujifunze, au TuTu kama wenyewe wanavyoviita, vilitumia redio. Sauti inauliza, watoto wanajibu, wanaimba, wanaruka, na mlezi wa kijijini anaongoza vitu vilivyo mkekani. Jina lile lilimaliza ubishi wa mchezo na masomo kwa maneno mawili.

Bara, sera ya elimu ya mwaka 1995 iliiweka elimu ya awali ndani ya mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Ada ilipofutwa, Januari 2016, madarasa yakafurika. Kenya mtaala wa umilisi uliingia mwaka 2019 kuanzia madarasa ya awali, PP1 na PP2, hadi Gredi ya Tatu. Kote huko neno ni moja: mtoto atende. Na kote huko mwalimu anayepaswa kumtendesha ana watoto wengi kuliko viti.

Gunzi mgongoni

Sasa kwa nini duka la vizibo, ambalo Montessori angelipita, lina nguvu?

Mrusi mmoja, Lev Vygotsky, alilieleza vizuri katika miaka ya 1930. Mfano wake ulikuwa fimbo: mtoto anaipanda na kusema ni farasi. Sisi tunao mfano mzuri zaidi, ni gunzi. Mtoto wa kike analifunga gunzi la mahindi kwa kitambaa, analibeba mgongoni, analibembeleza lilale. Anajua kabisa ni gunzi. Ukimwambia kulikuwa na mahindi hapo atakujibu ndiyo, tumeyala jana. Lakini kwa sasa ni mtoto, na mtoto hatupwi chini. Kitu kimoja kimesimama badala ya kingine, na aliyekisimamisha anajua kanuni yake na anaitii.

Huko ndiko kusoma kunakoanzia. Herufi "m" ni mistari mitatu yenye vilima viwili; haina sauti yoyote ndani yake. Tumekubaliana tu kwamba isimame badala ya sauti. Tarakimu 5 haina vitu vitano ndani yake. Mtoto aliyekwisha kufanya gunzi kuwa mtoto, boksi kuwa duka na kizibo kuwa shilingi 100, amefanya mazoezi ya jambo hilo hilo mamia ya mara kabla hajashika penseli. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaosema mchezo wa kuigiza umalizike awali, darasa la kwanza ni kazi. Darasa la kwanza ndipo alama zinapomiminika kwa wingi, ndipo mtoto anapohitaji zaidi kujikumbusha kwamba kitu kinaweza kusimama badala ya kitu.

Wala hatukusubiri Warusi kutufundisha. Tazama mdako. Shimo dogo, kokoto 12, na moja ya kurusha. Unairusha juu, kabla haijarudi unazikokota nyingine kutoka shimoni, unaidaka ile ya juu, unarusha tena na kuzirudisha shimoni zote isipokuwa moja. Hiyo ni raundi ya moja moja. Kisha mbili mbili, tatu tatu, nne nne. Zote hizo 12 inagawanyika bila kelele. Ukifika tano tano zinabaki mbili, na hapo ndipo ugomvi huanza: hizo mbili zihesabiwe au zisihesabiwe? Wasichana wa miaka minane wanabishana juu ya baki ya mgawanyo, mavumbini, bila mwalimu kuwaambia kwamba wanagawanya. Kuna kona nyingi zilizogharimu fedha ambazo hazifikii shimo lile.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa tafiti 39 kuhusu mchezo unaoongozwa na mtu mzima. Katika hisabati za mwanzo na kutambua maumbo, ulionekana kuwa na matokeo mazuri kuliko kufundisha kwa maelekezo ya moja kwa moja. Neno la kushika hapo ni "unaoongozwa". Hawakusema mtoto aachiwe vizibo na mwalimu akasahihishe madaftari.

Vitu vichache, chini, na vibanio sita

Kona yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Nilikesha. Nilichora, nikakata maboksi, nikatundika kila kitu kwa kamba: herufi, maumbo, matunda ya karatasi. Mgeni kutoka ofisi ya elimu alipiga picha. Katika muhula mzima hakuna mtoto aliyegusa kitu, kwa sababu hawakufikia, na aliyejaribu kupanda dawati ili afikie nilimkaripia. Nilikuwa nimetengeneza kona ya wakubwa.

Mambo niliyojifunza baada ya hapo ni ya kawaida mno kiasi kwamba hayawekwi kwenye semina. Vitu vikae chini, usawa wa kiuno cha mtoto wa miaka sita. Viwe vichache: vijiti 20 vinatosha kona ya hesabu, 300 vinaleta vita vya mishale. Vibadilike kila baada ya wiki mbili hivi, si vyote, kimoja au viwili. Wiki hii duka lina mafungu, wiki ijayo liongezewe mzani wa vifuu viwili na kijiti, uone mazungumzo yanavyobadilika kutoka "ngapi" kwenda "nzito kuliko".

Na idadi ya watoto idhibitiwe na kitu, isidhibitiwe na sauti ya mwalimu. Mimi hutumia vibanio vya nguo. Mlangoni mwa kila kona, yaani kwenye ukingo wa boksi, kuna vibanio sita. Ukiingia unachukua kimoja, unabana kwenye shati. Vikiisha, kona imejaa, tafuta nyingine. Watoto wanasimamiana wenyewe, tena kwa ukali kuliko wangu. Na bila kujua wanahesabu: viwili vimebaki, sisi tuko watatu, mmoja hawezi kuingia.

Kona ya lugha nayo haina haja ya mambo mengi. Kiswahili kimetubariki: silabi zetu ni safi, zinaandikwa zinavyotamkwa. Andika silabi kwa kalamu ya maka kwenye vizibo, moja moja: ma, ka, ta, ba, la. Mpe mtoto viwili, "ka" na "ta". Anavipanga: kata. Rafiki yake anavigeuza: taka. Wanacheka, kwa sababu vizibo ni vile vile na neno limekuwa jingine. Wakiweka "la" na "la" tena inakuwa lala, wanajilaza mkekani. Kuna mtoto aliyeniletea "mataka" akaniuliza ni nini. Nikamrudishia swali. Akafikiri, akasema ni taka nyingi sana. Hajakosea kanuni ya lugha yake hata kidogo.

Lakini hapa niweke mpaka. Vizibo hivyo havimfundishi mtoto kwamba "k" na "a" zikikutana zinatamkwa ka. Hilo nilimfundisha mimi, ubaoni, mbele ya wote, kwa kurudia na kuimba, kama walimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wanavyofanya. Sauti na herufi yake ni makubaliano ya watu wazima. Mtoto hawezi kuyagundua kwa kuyachezea, kama asivyoweza kugundua jina la jirani asilowahi kuambiwa. Kona huja baada ya hapo, iyafanye maarifa yale yawe yake, ayageuzegeuze mpaka yalainike. Wanaosema kona zichukue nafasi ya kufundisha wananitia wasiwasi sawasawa na wanaosema ni kupoteza muda.

Hesabu ya watoto 90

Swali ambalo kila mwalimu huliuliza semina ikiisha, akiwa amekwisha kunywa soda ya mwezeshaji: mimi nina watoto 90, nafanyaje?

Tufanye hesabu kwa uaminifu. Kwa awali uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila anayefundisha anajua hali ilivyo. Chukua darasa la kwanza la watoto 90. Kona sita, kila moja watoto sita, ni watoto 36. Waliobaki 54 wanafanya nini? Hapo ndipo ndoto ya picha za vitabuni, watoto 20 kwenye zulia, inapofia.

Jibu langu ni kwamba usijaribu kuwaingiza wote. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Unganisha viwili, upate 60. Ondoa 5 za kupangana na 5 za kurudisha vitu mahali pake. Zimebaki 50, zinatosha zamu mbili za dakika 25. Zamu ya kwanza watoto 36 kwenye kona, 54 wako kwenye madawati na kazi waliyokwisha kuielewa, kunakili au kuchora, isiyohitaji mwalimu. Zamu ya pili 36 wengine. Kwa siku watoto 72 wamegusa kona moja. 18 wanatangulia kesho yake. Ukifanya hivyo mara mbili kwa wiki, kila mtoto anapata kona angalau moja na wengi wanapata mbili. Ni kidogo kuliko vitabu vinavyotaka. Ni kingi kuliko sifuri, ambacho ndicho wanachopata mwalimu akisema bila chumba kikubwa haiwezekani.

Chumba chenyewe mara nyingi si chako. Shule zenye zamu mbili, mchana wanaingia wakubwa, na ukikuta duka lako limekaliwa na mvulana wa darasa la sita usishangae. Kona zangu ziko kwenye makapu. Kapu la duka, kapu la silabi, kapu la vipimo, kapu la kujenga, kapu la vitabu, kapu la nyumbani lenye vyungu vya udongo na gunzi wawili waliovalishwa. Asubuhi zinatandazwa na mikeka, mchana zinarudi ofisini. Na ziwe ofisini mahali ambapo mwalimu mwingine anafikia. Nimeona zana zilizotolewa kwa msaada, bado ziko kwenye nailoni yake, zimefungiwa kabatini zisiharibike. Hazikuharibika kweli.

Anayekuja kukagua huuliza ushahidi wa ujifunzaji, na ana haki. Daftari langu lina majina 90. Kila siku natazama watoto watano tu, niliowachagua asubuhi, naandika sentensi moja kwa kila mmoja: "Anahesabu vizibo lakini bado hatenganishi idadi na thamani." Watano kwa siku, siku 18 za shule nimewamaliza wote, kabla mwezi haujaisha. Sentensi zile zinaniambia nianzie wapi na nani, kuliko alama ya vema kwenye daftari ambayo mara nyingi mtoto kainakili kwa jirani.

Kinachobaki ni ulimi wa mwalimu, nao ndio mgumu kuliko makapu yote. "Hiyo rangi gani?" ni mtihani, mtoto anajibu na kunyamaza. "Umejuaje?" ni mlango. "Mangi atakurudisha nyumbani?" ulikuwa mlango kwa sababu yule mtoto alikwishatumwa kwa Mangi, alikuwa na maisha mazima ya kulijibia. Baada ya swali, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mimi hushindwa kwenye sita.

Wazazi niliwaleta dukani. Siku ya kikao sikuwapa hotuba, niliwapa vizibo, nikawaambia wakanunue. Baba mmoja mwenye genge sokoni alibishana na muuzaji wa miaka sita juu ya bei ya fungu, akapunguziwa kwa masharti, akaondoka anacheka. Hakuniuliza tena kuhusu michezo. Akaleta mizani mbovu ya gengeni kwake.

Wiki mbili baada ya ugomvi wa vizibo, muuzaji yule yule alinijia na kipande cha boksi na kalamu ya maka. Wateja wake walikuwa wanachukua nyanya na kuahidi kulipa kesho. Alitaka kuandika kitu kama alichokiona dukani kwa Mangi. "Mkopo" aliweza mwenyewe, akitamka mdomoni polepole, m, ko, po. Akakwama kwenye "kesho", kwa sababu "sho" hatukuwa tumeifikia. Nilimwandikia pembeni akanakili, S ikageukia upande wa pili. Bango lilisimama juu ya boksi la sabuni mpaka muhula ulipoisha, na kila aliyekuja kununua alilisomewa kwa sauti kubwa, ajue au asijue kusoma: MKOPO KESHO.